Kwa nini Januari ni mwezi wa 0 kwenye JavaScript

Sisi tuliozoea kuiita Januari mwezi wa kwanza tunapata taabu ya pekee kwenye JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kurasa za wavuti, maana huko Januari ni 0 na Desemba ni 11. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika programu ya kuwakumbusha wanachama wa saccos tarehe za marejesho. Niliweka 3 nikimaanisha mwezi wa tatu. Programu haikulalamika, ikawatumia watu tarehe ya Aprili. Wakachelewa, wakapigwa faini kwa kosa langu. Mpaka leo linaniuma.

Ndipo nikaanza kuitafuta asili ya sifuri hiyo. Brendan Eich aliiunda JavaScript mwaka 1995 pale Netscape, kampuni ya kivinjari cha intaneti, kwa siku kumi hivi, na wakubwa walitaka ifanane na Java, lugha nyingine ya programu. Muda wa kubuni tarehe upya haukuwepo, basi ikachukuliwa Date, sehemu ya Java inayoshughulikia tarehe. Java nayo ilikuwa imefuata C, lugha ya programu ya zamani zaidi.

Kwa C, naona jambo hili lina mantiki. Majina ya miezi hupangwa kwenye orodha, na orodha za C huanza na 0, hivyo namba ya mwezi inakufikisha moja kwa moja kwenye jina lake. Tarehe za mwezi hazina majina, zikaachwa zianze na 1. Siku za wiki zinayo, na Jumapili ikawa 0, wakati kwetu imebeba mbili ndani ya jina lake!

Miaka je? C huihesabu tangu 1900, na getYear, amri ya JavaScript ya kuuliza mwaka, ikafuata: 1999 ilitoa 99, 2000 ikatoa 100. Kurasa zilizokuwa zikibandika "19" mbele zikaonyesha mwaka 19100.

Urithi huu haukuwa lazima. Lugha ya Python ilichukua muundo uleule wa C, ila mwezi ikausogeza uanze na 1. Java ilijirekebisha mwaka 2014, kwa java.time, sehemu mpya ya tarehe iliyokuja na toleo la 8. JavaScript haiwezi kuigusa Date, kwa kuwa kurasa zisizohesabika zinaitegemea jinsi ilivyo; ndiyo maana Temporal, sehemu mpya ya tarehe, imebuniwa kando yake, na humo Januari ni 1.

Kwenye miradi ninayosimamia, namba tupu ya mwezi hairuhusiwi. Tunaandika MACHI = 2 juu kabisa ya faili, na kijana mgeni akiuliza kwa nini 2, namkalisha nimweleze habari za C.