Gari la Zamani Linalomaliza Betri Likiwa Limezimwa: Dhana Potofu na Ukweli

Gari la zamani likikataa kuwaka asubuhi, betri ndiyo huhukumiwa kwanza, na mwenye gari hushauriwa anunue mpya. Iwapo kuna kifaa kinachonyonya umeme usiku kucha, betri mpya nayo itaishiwa chaji vilevile, na kila inapokauka kabisa uhai wake hupungua.

Wengine huamini kwamba gari lililozimwa halipaswi kutumia umeme hata kidogo. Ukweli ni kwamba saa, kumbukumbu ya redio na alamu huhitaji umeme muda wote, na matumizi yasiyozidi miliampia 50 (yaani ampia 0.05) kwa kawaida si kasoro: betri ya ampia-saa 60 ingechukua takriban siku 50 kumalizwa na kiasi hicho, ilhali ampia 1 ingeimaliza kwa siku mbili na nusu.

Cheche inayoonekana waya wa betri unaporudishwa huchukuliwa kuwa ushahidi wa uvujaji wa umeme, nayo haithibitishi lolote. Kinachothibitisha ni multimita (kifaa cha kupimia umeme) iliyowekwa kwenye kipimo cha ampia 10 na kuunganishwa kwa mfululizo kati ya ncha hasi ya betri na waya wake, wala si kati ya ncha mbili za betri, kwani huko ni kuleta shoti. Gari lisiwashwe mita ikiwa imeunganishwa, maana umeme mkubwa wa stata, mota inayowasha injini, utaunguza fyuzi ya mita. Namba ya kwanza nayo isiaminiwe upesi: gari lenye kompyuta huweza kuchukua dakika kadhaa, wakati mwingine hata saa nzima, kabla vifaa vyake havijatulia. (Taa ya buti inayoshukiwa kubaki ikiwaka haihitaji mita, simu inayorekodi video ikifungiwa humo itatoa jibu.)

Dhana inayopoteza muda mwingi zaidi ni kwamba kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine, huku ukitazama mita ishuke, lazima kufichue kifaa kinachonyonya umeme. Katika magari mengi ya zamani, waya mnene wa alteneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) huenda kwenye betri bila kupitia kisanduku cha fyuzi, na dayodi (kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyoharibika ndani ya alteneta huruhusu umeme urudi nyuma. Fyuzi zote zikichomolewa na mita isishuke, ondoa kwanza waya hasi wa betri, kisha ufungue waya huo mnene, uuzibe ncha usiguse chuma, ndipo upime upya.