Aliyedhulumiwa utotoni si lazima awe mdhalimu

Wengi huamini kwamba mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono naye atakuja kuwafanyia watoto wengine. Imani hiyo haikuzuka hewani: wafungwa wa makosa haya wakihojiwa, wengi husimulia kwamba nao walifanyiwa. Ila anayeanzia gerezani anaona upande mmoja tu. Waliodhulumiwa wakakua bila kumgusa mtoto wa mtu hawamo humo. Tena mfungwa ana sababu zake za kutafuta huruma.

Na hebu tujiulize: wanaodhulumiwa zaidi ni wasichana, mbona watendaji wengi ni wanaume?

Njia ya kuaminika zaidi ni kuanza na watoto na kuwafuatilia. Nchini Marekani, mwanasaikolojia Cathy Widom alichukua watoto 908 ambao mahakama zilithibitisha, kati ya 1967 na 1971, kwamba walidhulumiwa au kutelekezwa, akawalinganisha na 667 wa mazingira kama yao wasio na rekodi ya kudhulumiwa. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kuwa waliodhulumiwa kingono hawakukamatwa kwa makosa ya ngono kwa kiwango kilichowazidi wenzao kwa uhakika wa kitakwimu. Waliozidi ni waliopigwa na waliotelekezwa, jambo ambalo wachache wangelitabiri.

Utafiti huo una pengo, maana ulitegemea rekodi za kukamatwa, na visa vingi haviripotiwi kamwe. Kinachohitajika sasa ni kuwachunguza pia wasiowahi kufikishwa mahakamani, wakiwemo watu wanaovutiwa kingono na watoto lakini hawajatenda kosa. Hao hawajitokezi kirahisi.