Jina lililo juu ya Injili

Kila nikimaliza kufundisha historia ya Agano Jipya, swali moja hunifuata hadi mlangoni. Safari hii aliliuliza katekista mmoja wa makamo: "Mwalimu, zile Injili nyingine alizificha nani?" Alikuwa ameona video inayodai kwamba Kaizari Konstantino aliwakusanya maaskofu Nisea mwaka 325, wakapiga kura, Injili nne zikapita na nyingine zikachomwa moto. Nilimjibu palepale kwamba mtaguso ule ulishughulikia mafundisho ya Ario, padri aliyesema kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, tarehe ya Pasaka na nidhamu ya kanisa. Kanuni zake 20 tunazo hadi leo, na hakuna hata moja yenye orodha ya vitabu vya Maandiko. Jibu ni la kweli, ila halikumtosha, wala halinitoshi mimi.

Kwa Kiswahili tunasema "Injili ya Mathayo", na hiyo "ya" hutufanya tumwone mtu ameketi, anaandika, kisha anatia sahihi. Vichwa vya kale vya Kigiriki husema *kata*, maana yake "kwa mujibu wa". Ndani ya kitabu chenyewe hakuna mahali mwandishi anaposema yeye ni nani. Soma Mathayo 9:9: Yesu "aliona mtu ameketi forodhani, aitwaye Mathayo". Ni mtu anasimulia habari za mwingine. Ni kweli kwamba baadhi ya waandishi wa kale walijisimulia hivyohivyo, kwa hiyo sitegemei aya hiyo peke yake. Kinachonielemea zaidi ni Marko. Kati ya aya zake 661, karibu 600 zimo ndani ya Mathayo, mara nyingi kwa maneno yaleyale. Mtume aliyetembea na Yesu kwa miguu yake angenakili kwa Marko, asiyekuwamo katika wale Kumi na Wawili, kwa sababu gani?

Wataalamu wengi, nami nikiwamo, tunaona Injili hizi nne ziliandikwa kati ya mwaka 65 na 100 hivi, na majina yakashikamana nazo baadaye. Askofu Papia wa Hierapoli, mwanzoni mwa karne ya pili, alipokea habari kwamba Marko alikuwa mkalimani wa Petro. Askofu Ireneo wa Lyon, karibu mwaka 180, ndiye wa kwanza tunayemjua kuzitaja zote nne pamoja kwa majina yake. Nasema haya nikiwa mtu anayesali na vitabu hivi kila asubuhi, na sijaona sababu ya kuvipenda pungufu.

Na hizo nyingine? Luka mwenyewe anatuambia "watu wengi wametia mikono" kuandika. Injili ya Tomaso ilipatikana nzima kwa Kikopti, lugha ya kale ya Wakristo wa Misri, karibu na Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, miongoni mwa vitabu 13 vya mafunjo. Ina misemo 114 ya Yesu, baadhi yake karibu sawa na ile tunayoijua, lakini haisimulii msalaba wala kaburi tupu.

Ila kisa ninachokirudia kila mwaka ni cha Serapioni, askofu wa Antiokia karibu mwaka 200. Alipoutembelea mji wa Roso, pwani ya Siria ya wakati ule, aliwakuta waumini wakibishana juu ya Injili ya Petro. Bila kuifungua akawaambia: kama hilo ndilo linalowagombanisha, basi isomwe. Baadaye akasikia inatumiwa kupotosha watu. Aliazima nakala kwa wengine walioitumia, akaketi akaisoma. Akaona mengi ni sawa na mafundisho ya Mwokozi, lakini kuna nyongeza.

Nyongeza zenyewe huenda tunaziona sasa, kwa sababu sehemu ya kitabu kinachodhaniwa kuwa ndiyo Injili hiyo ya Petro ilichimbuliwa Akhmim, Misri, katika majira ya baridi ya 1886 hadi 1887. Humo Yesu msalabani yuko kimya kana kwamba hana maumivu. Usiku wa ufufuko wanatoka kaburini watu watatu, vichwa vya wawili vikifika mbinguni na cha yule wa tatu kikipita mbingu zenyewe, na msalaba unawafuata nyuma. Sauti inauliza kutoka juu: je, umewahubiria waliolala? Na msalaba unajibu: ndiyo.

Hapakuwa na Kaizari hapo, wala kura. Orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu 27 hivihivi vya Agano Jipya ni ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, zaidi ya miaka 150 baada ya Serapioni. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na usomaji, mabishano, na makanisa yaliyotofautiana juu ya barua ya Yakobo, Waebrania na Ufunuo.

Maneno ya Serapioni yalinusurika kwa sababu Eusebi wa Kaisarea, mwanahistoria wa kanisa, aliyanakili. Anawaambia watu wa Roso kwamba tunampokea Petro na mitume wengine kama Kristo mwenyewe, lakini maandiko yaliyobandikwa majina yao kwa uongo tunayakataa. Anakiri kwamba mwanzoni aliruhusu bila kusoma. Kisha anawaahidi: ndugu, nitegemeeni, naja upesi.