Ulaya wananchi waliulizwa

Kwenye vijiwe vya kahawa hapa Mtwara kuna dai la miaka mingi: ndoa za jinsia moja Ulaya zililetwa na wakubwa tu, mwananchi hakuulizwa, na angeulizwa angekataa. Si kweli.

Ireland, nchi yenye Wakatoliki wengi, iliitisha kura ya maoni tarehe 22 Mei 2015, na asilimia 62 wakakubali. Vijana waliokuwa wakifanya kazi ughaibuni walipanda ndege na meli kurudi nyumbani, maana wengi wao wasingeweza kupiga kura wakiwa nje. Uswisi nayo ilikubali mwaka 2021, kwa asilimia 64.

Kuna waliokataa pia: Croatia, 2013, karibu asilimia 66. Romania, 2018, waliulizwa kama katiba iseme ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu; vituo vilifunguliwa siku mbili, lakini waliojitokeza walikuwa kama asilimia 21 na sheria ilitaka 30, hivyo kura ikawa batili.

Linalonigusa zaidi ni kwamba wachache hawa, wapenzi wa jinsia moja, husubiri wengi waamue juu ya nyumba zao. Slovenia wananchi walikataa mwaka 2015. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ikasema kuwanyima ndoa ni ubaguzi.