Engaruka: mifereji iliyoleta maji pamoja na udongo

Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wilayani Monduli, kaskazini mwa Tanzania, mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 400. Mkulima anayeisubiri hiyo peke yake ana hatari ya kuambulia mabua. Lakini hapo Engaruka, kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18, watu walilima eneo la takriban kilomita za mraba 20, kwa maji yanayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro.

Waliyachepusha maji mapema, kule korongoni yakiwa bado juu, kisha wakayapitisha ubavuni mwa kilima kwa mifereji iliyojengewa mawe bila saruji. Kazi ngumu ilikuwa kupata mwinamo. Mfereji ukiinama mno, maji hula kingo. Ukilala mno, tope hutuama na njia huziba.

Mimi huvutiwa zaidi na mashamba ya upande wa kaskazini. Uchimbaji umeonyesha kwamba baadhi yake hayakuwapo kabla ya watu kuyatengeneza. Walijenga vikuta vifupi vya mawe kukinga maji yenye tope. Maji yalipopunguza mwendo, tope likashuka nyuma ya ukuta. Nyuma ya ukuta palipojaa, waliongeza mawe juu, tope likaja tena. Ukikata shimo hapo leo unayaona matabaka ya udongo laini yamelaliana, na ukuta umepanda nayo. Yaani palipokuwa na kokoto pakaota mtama. Punje zake zilizoungua zimepatikana kwenye vijiji vyao vya kale, kwenye matuta ya mlimani.

Mwanaakiolojia Louis Leakey, aliyefika mwaka 1935, alikadiria wakazi zaidi ya 30,000. Watafiti wa baadaye wameishusha sana idadi hiyo, nami nakubaliana nao: mashamba yaliongezwa kidogo kidogo, wala si yote yaliyolimwa kwa wakati mmoja. Baadhi ya mifereji inaanzia kwenye makorongo ambayo siku hizi hupitisha maji msimu wa mvua tu.

Wakazi wa Engaruka bado wanamwagilia kwa mto unaoshuka kutoka nyanda hizohizo, na mawe ya kale yanafaa sana kujengea. Tunawaomba, wao na wageni, wasiyang'oe. Jiwe la mfereji likihamishwa, hatuwezi tena kupima mwinamo wake wala kujua maji yalielekea shamba lipi.