Sakafu imepanda, flanji imebaki chini

Ukipandisha sakafu ya choo kwa vigae vipya, utasikia kauli hizi; jibu letu liko chini ya kila moja.

"Vigae vipya vikishakauka, choo kinarudi tu mahali pake."

Wenye nyumba wengi Kisumu na Nakuru hupiga vigae vipya juu ya vya zamani. Kigae cha milimita 8 na gundi ya milimita 4 hivi tayari ni milimita 12. Flanji, ile duara inayovaa bomba la inchi 4 na kushika bolti za choo, haikupanda pamoja na sakafu. Ukingo wake unatakiwa ukalie kigae. Ukiwa ndani ya shimo, nta (ringi laini inayoziba kati ya choo na flanji) haibanwi sawasawa, na kila ukiflashi maji kidogo hupenya chini ya vigae. Usingoje dimbwi, mara nyingi utaanza kusikia harufu, kisha grauti, ile ya kujazia kati ya vigae, igeuke nyeusi kuzunguka mguu wa choo.

"Ringi mbili za nta zitafidia."

Pima kwanza: laza rula ya chuma juu ya shimo, ikalie vigae pande zote, upime kutoka chini yake hadi uso wa flanji. Ikiwa haizidi milimita 6, ringi moja nene inatosha. Ikizidi, nta mbili huteleza, na nta ikishabonyea hairudi: choo kikiyumba mara moja, pengo linabaki.

Dawa yake ni ringi za plastiki za kuinulia flanji, zenye unene tofauti. Funga koki ya choo, flashi, kausha maji kwa sponji, ung'oe choo. Ziba bomba kwa kitambaa kilichofungwa kamba ndefu, maana kikisahaulika humo kazi inaanza upya. Kwangua nta kuukuu yote. Jaribu ringi zikiwa kavu, kisha paka silikoni duara kamili chini ya kila moja. Zifunge hadi kwenye zege kwa plagi na skrubu zisizoshika kutu. Bolti za zamani sasa ni fupi, nunua ndefu.

"Simiti nyeupe inamaliza kazi."

Hii ndiyo inayotuudhi zaidi. Simiti haiinui flanji hata kidogo, inaficha pengo tu. Choo kikitikisika inapasuka, na siku ya ukarabati choo kizima huondoka kwa tindo.

"Kikiyumba, kaza zaidi."

Utapasua kauri. Chomeka kabari za plastiki kwanza, kisha kaza kwa zamu, robo mzunguko kila upande.

"Joto la Kisumu huyeyusha nta."

Nyuzi 30 huilainisha tu. Tatizo ni Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari: asubuhi ya Julai nta ni ngumu, iache juani kidogo kabla ya kuipachika.

"Choo changu kinatolea uchafu ukutani, hayanihusu."

Flanji ya sakafuni huna, kweli, lakini choo kimepanda milimita 12 na bomba la ukutani halikupanda. Mpira wa kuunganisha ukilazimishwa kwa mshazari huvuja. Tafuta ule ambao matundu yake mawili hayako kwenye mstari mmoja.

Kwa aina zote mbili, flashi mara 5 au 6 ukipitisha tishu kavu kwenye kiungo na kuzunguka mguu. Ikibaki kavu, piga silikoni mbele na pembeni. Nyuma acha wazi, ili uvujaji wowote ujitokeze hapo badala ya kujificha chini ya choo.