Jamii ya mimea ya delta, na namna shughuli za binadamu zinavyoibadilisha

Wataalamu wa mazingira wanapotaja "jamii ya mimea", hawana maana ya orodha ya miti inayopatikana mahali fulani. Wana maana ya mimea inayoishi pamoja kwa sababu inavumilia hali moja ya maji, chumvi na udongo, kila aina ikiwa na nafasi yake na wingi wake ikilinganishwa na wenzake. Katika ardhi oevu ya delta, yaani pale mto unapojigawa matawi na kutua tope lake kabla ya kuingia baharini, nafasi hizo huamuliwa na mambo matatu: maji hufika mara ngapi na hukaa kwa muda gani, yana chumvi kiasi gani, na mto umebeba tope kiasi gani. Binadamu akiligusa lolote kati ya hayo, jamii itabadilika hata kama hakukata mti hata mmoja.

Mombasa yenyewe haina delta, lakini hori za Tudor na Port Reitz, yaani mikono ya bahari iliyoingia nchi kavu, hupokea mito midogo inayoteremka kutoka bara, na mpangilio wake wa mimea hufuata kanuni hizohizo. Sisi husema "mikoko" kwa ujumla, ingawa mkoko ni mmoja tu kati ya aina tisa zinazoota katika pwani ya Kenya. Kwa kawaida mlilana husimama mbele, ukielekea bahari wazi, nyuma yake hufuata mkoko wenye mizizi iliyojipinda kama magoti, kisha mkandaa, na huko juu, ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, yaani bahari inapojaa kupita kawaida mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, hutawala mchu. Lamba jani la mchu siku ya jua kali, nawe utaonja chumvi ambayo mti wenyewe umeitoa. Mkoko hauna uwezo huo, bali huizuia chumvi nyingi mizizini, na ndiyo maana haustahimili udongo uliokolea chumvi kama mwenzake.

Tofauti nyingine huonekana pale panga linapoingia. Shina la mchu likikatwa huchipua upya, ilhali mkoko uliokatwa chini ya matawi yenye majani haurudi. Kwa hiyo, pale watu wanapokata boriti na kuni miaka nenda miaka rudi, mkoko hupungua na mchu huongezeka, na aitazamaye hori kutoka barabarani huendelea kuona kijani kilekile. Naona kosa kubwa katika mazungumzo yetu ni kuuhesabu ukijani kuwa ushahidi wa uzima.

Tope nalo huua kwa njia yake. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi katika hori ya Mwache, magharibi ya kisiwa cha Mombasa, na mikoko mingi ikafa imesimama, kwa kuwa vinyweleo ambavyo mizizi huvutia hewa vilizikwa. Mvua ni ya Mungu, lakini udongo hubebwa kwa urahisi zaidi kutoka kwenye miteremko iliyofyekwa miti na kulimwa bila kinga.

Katika delta ya Mto Tana, iliyoingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, tatizo limekuja kwa upande wa pili. Mabwawa ya juu, likiwemo la Masinga lililokamilika mwaka 1981, huzuia tope na kupunguza nguvu ya mafuriko. Misitu ya kandokando ya mto hutegemea mafuriko hayo ili miche mipya iote, na maji matamu yakipungua, chumvi hupanda mtoni kutoka Kipini, pale mto unapoingia baharini. Wa kwanza kuathirika ni mti kama msikundazi, unaopenda maji yenye chumvi kidogo. Mathenge, mti wa kigeni ulioletwa Kenya ili kuzuia jangwa, nao umeenea katika malisho na kuziba nafasi za nyasi ambazo mifugo huzitegemea. Kusini, katika delta ya Rufiji nchini Tanzania, mikoko imefyekwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga, na shamba likiachwa, magugu hutangulia kuishika ardhi.

Kwa sababu hizo, kupanda miti si sawa na kurejesha jamii. Mbegu ndefu ya mkoko ni rahisi kuokota na kuchomeka topeni, ndiyo maana hupendwa na wapandaji. Lakini ikichomekwa mahali ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu, mche hukauka, kwa kuwa pale ni pa mchu.